Shajara ya mradi: kuzifanya data za zamani za SACCOS zisomeke kwenye kompyuta mpya

Jumatatu

Kazi imeanza rasmi leo. Kompyuta ya ofisi inayobeba mfumo wa hisa na mikopo bado ni ya Windows XP, na feni yake inapiga kelele kiasi kwamba wanachama walioko kwenye foleni wanaisikia. Chama kimenunua mashine mbili za Windows 11, moja kwa kila dirisha la keshia. Nimeombwa jambo moja: mfumo ule ule wa zamani ufunguke kwenye mashine hizi, na kila salio lionekane kama lilivyo leo.

Kwenye kikao cha bodi kulikuwa na hoja kwamba mfumo utupwe na salio za mwisho zichapwe upya kwenye programu nyingine. Nilipinga, na nitaendelea kupinga. Salio la mwisho ni namba tu. Historia iliyolizaa ndiyo haki ya mwanachama. Mtu aliyeanza kununua hisa kabla ya mwaka 2000 akiuliza fedha zake zilipandaje, lazima tuweze kumwonyesha mstari kwa mstari. Wakaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, nao wakija hawatosheki na salio, wanataka kujua limetoka wapi. Programu mpya itakuja kwa wakati wake. Lakini huwezi kuhamisha kitu usichoweza kukisoma, kwa hiyo kwanza tusome.

Nilichokikuta ni hiki. Programu imeandikwa kwa Visual Basic 6, lugha iliyotoka mwaka 1998. Aliyeiandika hapatikani tena na msimbo wake haupo; tuna faili linaloendeshwa na CD yake ya usakinishaji, basi. Data ziko sehemu tatu. Akiba na mikopo inayoendelea iko kwenye faili kubwa la Access lenye mwisho wa .mdb. Mikopo ya zamani iliyokwisha kulipwa iko kwenye .mdb nyingine ya kumbukumbu. Hisa, ambazo ndizo kongwe kuliko vyote, ziko kwenye kundi la mafaili ya .dbf yaliyoanzia kwenye FoxPro enzi za DOS. Mfumo wa VB6 ulipoletwa, mwandishi wake hakuyahamisha mafaili hayo. Aliuunganisha nayo kupitia ODBC, njia ya Windows ya kuunganisha programu na hifadhidata, na mpaka leo hisa zinaandikwa humo.

Kabla ya kugusa chochote nimetoa nakala. Nilisubiri dirisha lifungwe, nikafunga programu, nikahakikisha hakuna faili la .ldb lililobaki kwenye folda, kwa sababu .ldb ikiwepo maana yake huenda bado kuna mtu ndani ya hifadhidata. Kisha nikanakili folda nzima kwenye diski mbili za nje. Kwenye mashine mpya nikapiga hesabu ya SHA-256, yaani alama ya kidole ya faili, kwa kila faili kwa amri ya certutil, na nakala za diski zote mbili zikatoa matokeo yale yale.

Kwa atakayefanya kazi kama hii: ukinakili .dbf usiache ndugu zake. Faili la .fpt lenye jina lile lile ndilo linalobeba maelezo marefu, na .cdx ndiyo faharasa. Jedwali lenye maelezo marefu halitafunguka bila .fpt yake.

Jumanne asubuhi

Leo nimeyatambua mafaili kwa yaliyomo, si kwa majina. Watu wengi wanaruka hatua hii, wanakimbilia kusakinisha draiva (kisomaji cha faili) yoyote waliyoambiwa, kisha wanashangaa ikikataa. Mwisho wa jina hausemi faili ni la toleo gani. Baiti za mwanzo zinasema.

Nimeyafungua yote kwa programu inayoonyesha baiti moja moja. Faili la .mdb lina maneno "Standard Jet DB" kuanzia baiti ya 4, ukihesabu kuanzia sifuri; Jet ndiyo injini ya data ya Access. Ukienda kwenye nafasi ya 20, yaani 14 kwa hesabu ya heksi (ya msingi wa 16), unakuta toleo: sifuri ni Jet 3, iliyotumiwa na Access 97, moja ni Jet 4, ya Access 2000 hadi 2003. Faili letu kubwa ni Jet 4. Lile la kumbukumbu ni Jet 3. Hiyo ni habari muhimu, maana Access kuanzia toleo la 2013 haifungui kabisa faili la Access 97. Nimejaribu kwenye Office mpya ya mhasibu na imekataa, kama inavyotakiwa.

Kwa .dbf, baiti ya kwanza kabisa ndiyo inayojieleza. 03 ni jedwali la mtindo wa dBASE III lisilo na maelezo marefu, F5 ni FoxPro 2 lenye maelezo marefu, 30 ni Visual FoxPro. Yetu ni 03 na F5. Baiti tatu zinazofuata ni tarehe ya mwisho faili kuandikwa: mwaka, mwezi, siku. Jedwali moja la viwango vya gawio lina 63 0C 1F kwa heksi, yaani 99, 12, 31. Halijaguswa tangu tarehe 31 Desemba 1999. Baiti ya 4 hadi ya 7 ni idadi ya rekodi, nami nimeziandika zote kwenye daftari pembeni ya jina la kila faili. Idadi hizo zitakuwa shahidi wangu baadaye.

Jumanne mchana

Sasa suala la draiva lenyewe. Nitaliandika kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo muda wa mafundi wengi unapopotelea.

Programu ya VB6 haijui baiti za .mdb au .dbf zimepangwaje. Inaomba tu: nipe rekodi za mwanachama fulani. Anayejua mpangilio ni draiva, na draiva ni faili la DLL linaloingizwa ndani ya programu inapoendeshwa. VB6 hutengeneza programu za biti 32 tu. Programu ya biti 32 haiwezi kuingiza DLL ya biti 64 ndani yake, wala kinyume chake. Spana namba 10 haigeuzi nati namba 13, hata ikiwa mpya kiasi gani. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza si "draiva ipi ni mpya zaidi?" bali "programu yangu ni ya biti ngapi?" Jibu la hilo ndilo linaloamua mengine yote. Ukubwa wa Windows hauamui, na ukubwa wa Office hauamui.

Mashine zetu zina Windows ya biti 64 na Office ya biti 64. Ushauri unaosambaa sana ni kupakua Access Database Engine ya biti 32 na kuilazimisha ikae pamoja na Office hiyo kwa kuongeza neno la amri ili kisakinishi kiache kulalamika. Mara nyingine inafanya kazi. Mara nyingine Office inaanza kujirekebisha kila unapofungua Excel. Sikutaka hilo limpate mhasibu wetu wakati wa kufunga mwezi.

Nilikagua kwanza mfumo wetu unaomba nini hasa. Kwenye faili la mipangilio la programu kuna mstari unaotaja Microsoft.Jet.OLEDB.4.0. Huyo ni Jet, si ACE, yaani si ile Access Database Engine. Jet 4.0 ipo ya biti 32 peke yake, haijawahi kutolewa ya biti 64, na inakuja ndani ya Windows yenyewe, hadi Windows 11. Jet hiyo hiyo inasoma pia mafaili ya Jet 3. Maana yake kwa faili zote mbili za .mdb hakuna cha kusakinisha. Draiva ilikuwapo tangu kompyuta ilipotoka kwenye boksi. Natamani kila fundi angeanza hapa: uliza programu inataka nini kwa jina, kisha angalia kama Windows inacho tayari, ndipo utafute kisakinishi.

Jumatano

Programu imekataa kufunguka kabla hata haijafika kwenye data: ikataja MSCOMCTL.OCX kuwa haijasajiliwa. Hilo si tatizo la draiva, ni sehemu za VB6 zinazochora orodha na vitufe. Zipo kwenye CD ya usakinishaji. Nimeziweka kwenye C:\Windows\SysWOW64 na kuzisajili kwa regsvr32 iliyomo humo humo, dirisha la amri likiwa limefunguliwa kwa haki za msimamizi. Zimekubali.

Hapa pana jambo linalowachanganya watu kila siku. Kwenye Windows ya biti 64, folda ya System32 ndiyo yenye vitu vya biti 64, na SysWOW64 ndiyo yenye vitu vya biti 32. Yamepangwa kinyume na majina yake. Ukilishika hilo, nusu ya matatizo ya draiva za zamani yameisha.

Alhamisi

Leo ilikuwa zamu ya hisa, yaani .dbf. Jet inaweza kusoma majedwali ya dBASE, lakini uwezo wa kusoma ya FoxPro uliondolewa katika Jet 4. Kwa hayo Microsoft ilielekeza watu kwenye draiva ya ODBC ya Visual FoxPro. Ndiyo mfumo wetu unayoitumia. Kisakinishi chake kipo kwenye CD. Nilikagua saini yake ya kidijitali kabla ya kukiendesha. Kama CD isingekuwapo ningetafuta kwa mtengenezaji mwenyewe, kamwe si kwenye tovuti zinazogawa DLL moja moja. Fedha za watu zinapita ndani ya faili hilo. Huwezi kumkaribisha usiyemjua.

Draiva ikaingia bila shida. Mfumo ukafunguka, mikopo ikaonekana, nikabofya Hisa, ukatoa kosa la IM002: jina la chanzo cha data halijapatikana. Hiyo ni sawa, bado sikuwa nimekitengeneza.

Kuna madirisha mawili ya kusimamia ODBC kwenye Windows hii, na yote mawili ni faili lenye jina moja, odbcad32.exe. Lililo ndani ya System32 ni la biti 64. Lililo ndani ya SysWOW64 ni la biti 32, na ndilo tunalolihitaji. Ukifungua la biti 64, draiva ya FoxPro huioni kwenye orodha, na mtu anaweza kuisakinisha tena na tena akidhani haijaingia. Windows za sasa zimeandika kwenye menyu lipi ni la biti 32 na lipi ni la biti 64, heri hivyo.

Sikutaka kukisia mipangilio. Nimerudi kwenye XP, nikafungua rejista, hazina ya mipangilio ya Windows, sehemu ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\ODBC\ODBC.INI na kunakili kila thamani ya chanzo chetu: folda, aina, Exclusive ni No, Deleted ni Yes, Collate ni Machine. Kwenye mashine mpya thamani hizo hizo zimekaa chini ya SOFTWARE\WOW6432Node\ODBC\ODBC.INI, mahali ambapo programu za biti 32 huelekezwa bila zenyewe kujua. Kilichobadilika ni njia ya folda tu.

Nimekitengeneza kama chanzo cha mfumo mzima, si cha mtumiaji mmoja. Cha mtumiaji kinaonekana kwa aliyeingia wakati huo tu. Keshia wa pili akiingia kwa akaunti yake hakioni. Tena vyanzo vya mtumiaji huonekana kwenye madirisha yote mawili ya ODBC, hata pale draiva yake isipofaa, na hapo ndipo hutokea kosa la IM014 linalosema draiva na programu haziendani.

Jioni hisa zimefunguka. Mhasibu alisogeza kiti, akataja namba ya mwanachama wa kwanza kabisa wa chama, na kadi yake ikaja yote, kuanzia mchango wa kwanza. Tuliisoma hadi chini.

Ijumaa

Majaribio ya makeshia wawili, kwa data za nakala. Keshia wa dirisha la kwanza aliandika marejesho ya mkopo, akafunga, akatoka. Wa pili akaingia kwenye mashine ile ile kwa akaunti yake. "Fundi," akaniita, "haya marejesho aliyoingiza dada mwenzangu mimi siyaoni."

Nimekaa na hili karibu siku nzima, na ndilo jambo la hatari kuliko yote niliyokutana nayo kwenye mradi huu. Kisakinishi cha zamani kinaweka programu na data pamoja ndani ya C:\Program Files (x86). Enzi za XP, ambapo karibu kila mtu alikuwa msimamizi wa kompyuta yake, programu iliandika humo bila kizuizi. Kuanzia Windows Vista ya mwaka 2007, programu huendeshwa kwa haki za mtumiaji wa kawaida, ambaye haruhusiwi kuandika humo. Ila programu ya zamani ya biti 32 isiyotangaza haki inazohitaji haikataliwi waziwazi: Windows inaiachia iandike, lakini inaweka maandishi hayo kwenye nakala ya siri ndani ya folda ya mtumiaji, AppData\Local\VirtualStore. Kila mtumiaji anapata nakala yake. Kila mmoja anaona kwamba amehifadhi. Hakuna kosa linalotokea kwenye skrini.

Fikiria hilo kwenye chama cha akiba. Keshia mmoja anapokea marejesho, mwingine anatoa mkopo mpya kwa mtu huyo huyo, na kila mmoja anafanya kazi kwenye hifadhidata yake. Wiki ikiisha una madaftari mawili yasiyolingana, yote halali, na hakuna namna rahisi ya kuyaunganisha. Ndiyo maana nasisitiza: draiva kufunguka si mwisho wa kazi. Draiva inaweza kuwa inasoma vizuri kabisa faili lisilo lenyewe.

Tiba ni kuzitoa data nje ya Program Files. Nimetengeneza D:\DataChama, nikahamishia humo .mdb na .dbf zote, nikaelekeza faili la mipangilio na chanzo cha ODBC huko, kisha nikafuta nakala zote za VirtualStore kwa kila akaunti ili programu isije ikazishika tena. Faili la mipangilio lenyewe nalo nimelikagua, kwa sababu lilikuwa na nakala yake kwenye VirtualStore na programu ingeisoma hiyo badala ya ile niliyoirekebisha.

Haki za folda: makeshia wanahitaji kuandika kwenye folda nzima, si kwenye faili tu. Mtu wa kwanza anapofungua .mdb, Jet hutengeneza .ldb pembeni yake ili kujua nani yuko ndani na amefunga rekodi ipi. Ikishindwa kuitengeneza, wa pili hawezi kushirikiana na wa kwanza.

Dirisha la pili sasa linafikia folda hiyo hiyo kupitia mtandao wa ndani, kwa waya. Nimekataa Wi-Fi kwa kazi hii. Jet haina seva. Kila kompyuta inaandika moja kwa moja kwenye faili, na mtandao ukikatika katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika.

Jumatatu

Tarehe. Ripoti ya mikopo ya Aprili 2009 imetoa orodha tofauti kwenye mashine mpya na kwenye XP. Sababu ilipatikana haraka: Windows mpya ilikuja na mpangilio wa Marekani. Mtumiaji akiandika 03/04/2009, VB6 hufuata mpangilio wa kompyuta, kwa hiyo mashine mpya ilisoma Machi 4 badala ya Aprili 3. Siku inayozidi 12 haina utata, ndiyo maana sehemu ya orodha ilikuwa sahihi na hitilafu ikajificha. Nimeweka mpangilio wa Uingereza kama ulivyokuwa kwenye XP, kwa kila akaunti na kwa akaunti zitakazotengenezwa baadaye. Ripoti zimelingana.

Jumanne

Mhasibu anataka kuzisoma data kwa Excel, ili aandae majedwali ya mkaguzi bila kuchapa upya. Ombi la haki kabisa. Lakini Excel yake ni ya biti 64, na draiva ya FoxPro ni ya biti 32 tu. Hapo hakuna ujanja wa kuziunganisha moja kwa moja.

Njia niliyochukua: Windows ina PowerShell (programu ya kuendeshea skripti za amri) mbili, na ile ya biti 32 ipo C:\Windows\SysWOW64\WindowsPowerShell\v1.0. Nimeandika skripti fupi inayoendeshwa na hiyo, inafungua chanzo cha ODBC kwa kusoma tu, na kutoa kila jedwali kama CSV, faili la maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato. Excel inafungua CSV bila kujua habari za FoxPro. Mhasibu anabofya alama moja kwenye skrini yake na folda inajaa.

CSV ya kwanza imenionyesha kitu nilichokuwa nikikisubiri. Vijiji na majina yenye ng' yameharibika: Mang'ula imetoka kama MangÆula. Nilidhani ni mashine mpya, lakini mhasibu akanitolea ripoti iliyochapwa miaka mingi iliyopita, na Æ ile ile ipo. Kumbe ni kidonda cha zamani. Baiti ya 29 ya faili inasema maandishi ni ya ukurasa wa msimbo 437, yaani jedwali la herufi la DOS. Baadaye watu walianza kubandika majina kutoka Word, ambayo hugeuza alama ya ritifaa kuwa ile iliyopinda, baiti ya 92 kwa heksi katika msimbo wa Windows. Katika 437 baiti hiyo hiyo ni Æ. Draiva inatii kile faili lilichojitangaza.

Faili la asili sitaligusa. Skripti ndiyo inayobadilisha Æ kuwa ritifaa ya kawaida wakati wa kutoa CSV, na kwenye orodha yetu hakuna jina linalohitaji Æ kihalali. Tukiwa hapo hapo, nimewaambia makeshia wasitafute kwa jina lenye ng', watumie namba ya uanachama. Kwenye SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, ritifaa moja hufunga maneno, na programu hii haiizidishi inapotengeneza swali, kwa hiyo utafutaji wa Mang'ula unaishia kwenye kosa la sintaksia. Hilo siwezi kulirekebisha bila msimbo, ila kwenye skripti yangu nimelizuia.

Jumatano

Uhakiki. Nimelinganisha idadi za rekodi kutoka kwenye baiti za mwanzo na kile draiva inachorejesha. .mdb zililingana na ripoti za XP. Jedwali la hisa halikulingana: kichwa cha faili kinadai rekodi nyingi kuliko zinazoonekana.

Sababu ni namna .dbf inavyofuta. Kila rekodi huanza na baiti moja ya alama: nafasi tupu ikiwa hai, nyota ikiwa imefutwa. Ukifuta, nyota inawekwa na data inabaki pale pale mpaka mtu aendeshe amri ya PACK. Hapa haijawahi kuendeshwa. Chanzo chetu kina Deleted ya Yes, yaani zenye nyota zifichwe, na mfumo unazihesabu hivyo tangu mwanzo. Nikatengeneza muunganisho wa pili wa kusoma tu wenye Deleted ya No, nikatoa zenye nyota peke yake.

Tumekaa na mhasibu na daftari la waliojitoa. Rekodi nyingi zina jibu: mwanachama alihama mkoa akalipwa, au alifariki na warithi wakalipwa, na hati zipo kabatini. Chache hazina hati. Hizo tumeziorodhesha na kumkabidhi mwenyekiti, kwa sababu nyuma ya kila moja kuna familia inayoweza kuja kuuliza. Kama tungefuata ushauri wa kuchapa salio za mwisho peke yake, orodha hiyo isingekuwapo. Nimewaandikia wote kwa herufi kubwa ukutani: asiendeshe mtu PACK kwenye mafaili haya.

Jumla za hisa hai, jumla za akiba na madeni yaliyobaki zimelingana na XP hadi senti, kwa mwanachama mmoja mmoja.

Ijumaa

Leo jioni, dirisha lilipofungwa, nimechukua nakala ya mwisho kutoka XP na kuipeleka D:\DataChama. Kuanzia Jumatatu makeshia wanafanya kazi kwenye mashine mpya. XP imechomolewa kwenye mtandao na inabaki ofisini kwa kulinganisha mpaka mwezi ufungwe.

Nakala ya kila usiku imepangwa: kazi inayojiendesha baada ya ofisi kufungwa inaangalia kwanza kama .ldb ipo. Ikiwepo hainakili, inaandika onyo, kwani nakala ya .mdb iliyo wazi haiaminiki.

Kilichobaki ni faili la kumbukumbu la Access 97. Jet inalisoma, lakini Office ya mhasibu hailisomi, na atalihitaji. Wiki ijayo nitatengeneza nakala yake ya Jet 4 kwa amri ya CompactDatabase kutoka skripti ya biti 32, Engine Type ikiwa 5. La asili litabaki lilivyo, limewekwa kusomwa tu. Ukubwa wa nakala utaongezeka, maana Jet 4 huhifadhi maandishi kwa Unicode, lakini faili ni dogo na kikomo cha GB 2 kiko mbali. Nikimaliza nitahesabu rekodi za faili zote mbili jedwali kwa jedwali kabla ya kumkabidhi.